Anti, wifi anasema mafuta yangu ya nywele "hayajapimwa", mbona watu wanaota nywele?

Anti shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Tabata, jina langu usilitaje maana wateja wangu wengi wanasoma hapa na wifi yangu pia anasoma, na ndo huyo huyo ninayetaka kumuongelea.

Iko hivi. Nilivyojifungua mtoto wa pili, alipofika kama miezi mitatu hivi nywele zikaanza kunitoka, yaani sio kutoka kwa kawaida, nikichana chanuo linajaa, nikiosha zinaziba bomba, huku mbele pembeni pakabaki kama pameliwa na panya. Nililia Anti. Mama mkwe akaniambia nichukue rozmeri, karafuu na uwatu niloweke kwenye mafuta ya nazi, nianike juani, nipake kila siku, nikafanya hivo na mimi kwa akili zangu nikaongeza mafuta ya nyonyo. Mtoto anaanza kusimama dede nywele zangu zimejaa mpaka watu wananisimamisha njiani kuniuliza natumia nini. Biashara ikaanzia hapo, nikawa naposti status, nikawagawia wenzangu tuliojifungua kipindi kimoja, na wao zikarudi, wakaambiana, sasa hivi naagizwa mpaka Morogoro.

Alafu wateja hao hao wakaanza kuniuliza kama nina kitu cha chunusi, hasa hizi za paji la uso, wengi wanalalamikia paji la uso sijui ni joto la Dar. Nikatengeneza: majani ya mwarobaini nachemsha nachuja, nakamulia ndimu, natia manjano na asali, naweka kwenye vikopo. Wengi wanasifia, wanasema inakausha.

Sasa kuna mwenye duka la dawa mtaani kwetu anataka mzigo mkubwa. Sharti lake lebo iandikwe "imepimwa na kuthibitishwa, huotesha nywele ndani ya wiki mbili". Na ile ya uso anasema tuchanganyie tyubu za krimu anazo dukani kwake, kidogo tu, ili mteja aone tofauti siku ya tatu. Mume wangu anasema hela hiyo tusiiachie. Wifi yangu ni nesi, alikuja Jumapili, mbele ya wageni akaniuliza "hiyo dawa umeipimia wapi?" nikamwambia nimeipima kwa watu na wamepona, akacheka. Anti iliniuma sana. Na kibaya zaidi kuna dada mmoja anauza mboga sokoni, mashavu yamemtoka mabaka meusi, anasema ni kikopo changu, na wifi kashajua.

Naomba uniambie ukweli, wifi ana wivu au ana hoja? Na kupima kwenyewe mtu ambaye hana maabara anapimaje? Na huyu wa duka nimjibuje?

Mama Mafuta, Tabata


Marahaba mwanangu.

Tuanze na dada wa sokoni, maana hayo mengine yanaweza kusubiri ila uso wake hauwezi. Huyo unamuuzia kikopo chenye ndimu na anashinda juani toka asubuhi. Maji ya ndimu ni tindikali kali, alafu ndimu ina kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua, wengine wanatoka malengelenge wengine hawaoni kitu siku hiyo, baada ya siku chache ndo mabaka meusi yanatokea, na kwenye ngozi zetu mabaka hayo yanakaa miezi. Kwahiyo ndiyo, uwezekano mkubwa ni kikopo chako. Mwambie aache kupaka leo, anawe kwa maji na sabuni laini tu, apake Vaseline usiku, mchana avae kofia pana na kama hela ipo apake krimu ya kuzuia jua, na umwambie kwa msisitizo asikimbilie mkorogo kufuta mabaka, huko ndo ataharibikiwa kabisa. Kama pana malengelenge au maumivu aende kwa daktari wa ngozi na nauli umlipie wewe. Na vikopo vyote vyenye ndimu ulivyonavyo mwaga. Usipunguze ndimu, itoe.

Haya, nywele. Hapa nitakuudhi kidogo.

Nywele zinazotoka miezi miwili mpaka minne baada ya kujifungua zinarudi zenyewe. Ukiwa mjamzito homoni zinazishikilia nywele kichwani, hata zile ambazo muda wake wa kudondoka umefika hazidondoki, ukishajifungua homoni zinashuka na zote zilizochelewa zinatoka kwa mkupuo, ndo unaona chanuo limejaa. Alafu shina linaanza upya, na kwa wanawake wengi ndani ya miezi sita mpaka mwaka zinakuwa zimerudi, upake rozmeri, upake samli, au usipake kitu. Sasa angalia wateja wako wa kwanza walikuwa kina nani, wenzako mliojifungua kipindi kimoja. Yaani umechukua watu ambao nywele zingerudi tu, ukawapa chupa, zikarudi, chupa ikapata sifa. Sisemi mafuta yako hayafanyi kazi, nasema hao hawawezi kukuambia kama yanafanya kazi, hata wakiwa mia.

Na kuna jingine ambalo wauza mafuta wengi hawalitenganishi. Nywele kuwa ndefu kuna njia mbili, ziote haraka au zisikatike. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, zetu hizi za kipilipili mara nyingi chini ya hapo, na ni ngumu sana kuongeza hiyo spidi. Ila kukatika kunaweza kupungua, na mafuta ya nazi hapo yana sifa ya kweli, kuna kazi ya watafiti wa India ilichapishwa mwaka 2003 ikaonyesha mafuta ya nazi yanapunguza protini inayopotea kwenye unywele ukioshwa, kuliko mafuta ya alizeti au yale ya madini. Kwahiyo inawezekana kabisa wateja wako wa kweli, wale ambao hawajajifungua karibuni, nywele zao zimerefuka kwa sababu ya nazi, na karafuu na uwatu ni wasindikizaji tu. Utajuaje? Ndo hapo wifi yako anapouliza umeipimia wapi.

Umeniuliza kama ana wivu. Mimi simjui wifi yako, kukuuliza mbele ya wageni ni utovu wa adabu na unaweza kumwambia hivyo. Ila swali lake ni zuri, na nina kazi ya kumpa, subiri.

Kwanza chunusi. Umeandika mwenyewe, "wateja hao hao" na "hasa za paji la uso", alafu ukasingizia joto la Dar! Mwanangu, mafuta mazito yanayopakwa kichwani yanateleza mpaka kwenye paji la uso na pembeni ya masikio, yanaziba vinyweleo, vinatoka vipele vidogo vidogo vingi vya rangi ya ngozi na vingine vyenye ncha nyeusi. Madaktari wa ngozi Marekani waliliandika hili toka 1970, kwa watu weusi waliokuwa wanapaka pomedi kichwani. Mafuta ya nazi ni mojawapo ya yanayoziba sana. Sasa fikiria, chupa moja inaleta chunusi, kikopo kingine kinazitibu, mteja analipa mara mbili, na wewe wala hujui. Kabla hujampa mtu kitu chochote cha uso muulize anapaka nini kichwani na usiku anajifunga nini, mwambie mafuta yaishie kwenye nywele na asiyasogeze kwenye mstari wa mbele, afue foronya na kitambaa cha kulalia. Asubiri mwezi mmoja na nusu, miwili. Wengine watapona hapo hapo bila kukununulia kitu, na hiyo ndo gharama ya kuwa mkweli.

Huyo wa duka la dawa na tyubu zake sasa. Krimu inayobadilisha uso siku ya tatu karibu kila mara ni stiroidi, za aina ya betamethasoni au klobetasoli, zinashusha wekundu na uvimbe haraka kweli, mtu anang'aa, anakushukuru. Akiendelea ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinarudi za aina nyingine mbaya zaidi, akiacha uso unalipuka, kwahiyo anarudi kununua tena. Ndo maana anaipenda hiyo biashara. Kumwekea mtu stiroidi kwenye kikopo kilichoandikwa mwarobaini bila kumwambia, siku mtoto wa mtu akiharibika jina lililoko kwenye lebo ni lako sio lake. Hapo hamna cha kujadili, na mume wako mwambie hivyo hivyo.

Tuje kwenye kupima.

Kuna watu watakuambia mwarobaini "umethibitishwa maabara". Ni kweli umejaribiwa, wanachukua bakteria wa chunusi wanawaotesha kwenye kisahani, wanaweka kikaratasi kilicholowekwa dawa ya mmea, alafu wanapima duara ambalo bakteria wameshindwa kuota, na mwarobaini unaonyesha duara. Lakini kwenye kisahani hicho hata spiriti na siki vinaua, na hupaki siki usoni. Ngozi sio kisahani, dawa inatakiwa ipenye mpaka ndani ya kinyweleo bila kuunguza juu. Na za nywele wanajaribia kwa panya, wanamnyoa mgongo wanapaka, wanaangalia ngozi inageuka kutoka rangi ya waridi kuwa nyeusi lini, maana kwa wale panya wenye manyoya meusi, ngozi ikigeuka hivyo ndo inaonyesha nywele zimeanza kuota. Ni mwanzo mzuri, ila panya wale nywele zao zinaota kwa pamoja kama shamba la mpunga, kichwa cha binadamu kila unywele una ratiba yake.

Zile za binadamu zipo chache, na nakupa tatu uone walivyofanya maana ndo utaiga. Aberdeen kule Scotland, mwaka 1998, walichukua watu 86 wenye ugonjwa wa nywele kunyonyoka kwa mabaka mviringo, kundi moja wakasugua kichwa kila siku kwa mafuta yenye rozmeri, zaatari (thyme), lavenda na mwerezi, kundi la pili wakasugua kwa mafuta yale yale ya kuchanganyia lakini bila hayo manukato, miezi saba. Waliopata nafuu kwenye dawa walikuwa asilimia 44. Kwenye mafuta matupu asilimia 15. Hiyo 15 iangalie vizuri! Hao wamepata nafuu kwa mafuta matupu, na kila mmoja wao angekuwa mteja wako angekutumia vois ya kukushukuru. Na picha zilipangiwa alama na madaktari wasiojua nani alikuwa kundi gani.

Ya pili Iran 2015, watu 100 wenye upara wa kurithi, nusu mafuta ya rozmeri nusu minoksidili ya asilimia 2, ile dawa ya hospitali ya kupaka kuotesha nywele. Miezi mitatu ya kwanza hakuna kundi lililoonyesha ongezeko la maana, miezi sita ndo yote mawili yakaongezeka, na hayakupishana. Hawakuwa na kundi la mafuta matupu, mimi hilo linanikera, ila jambo moja limekaa wazi, miezi mitatu hamna kitu. Alafu mtu anataka uandike wiki mbili kwenye lebo.

Ya tatu ni ya chunusi, Australia 1990, watu 124, jeli ya mafuta ya tii trii (mmea wa huko huko Australia) asilimia 5 dhidi ya benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kawaida, asilimia 5. Zote zilipunguza chunusi, tii trii ilichelewa zaidi lakini ilikausha na kuwasha kidogo kuliko mwenzake. Unaona wanataja asilimia? Wewe ukiulizwa rozmeri yako ni asilimia ngapi utasema konzi mbili. Konzi yako na ya mama mkwe hazilingani.

Kwahiyo nunua mzani wa jikoni, pima majani makavu kwa gramu na mafuta kwa gramu, andika kwenye daftari tarehe, umenunua wapi, umeloweka siku ngapi. Majani yawe makavu kabisa, unyevu ukiingia kwenye mafuta yanavunda. Na hiyo ya kuchemsha kwa maji, mwarobaini wa maji kwenye kikopo bila dawa ya kuhifadhi ni supu, siku chache tu vijidudu vimejaa, hata kama hunusi harufu. Hiyo usiuze kabisa mpaka upate mtu wa kukufundisha kuhifadhi. Karafuu nayo punguza sana, ni kali na wengine inawaletea mzio. Alafu usiweke kitu kwenye kichwa au uso wa mtu kabla hajapaka eneo la sarafu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa wiki nzima, maana mzio mara nyingi hautokei siku ile ile.

Ukishakuwa na mafuta yanayolingana, tengeneza chupa za aina mbili. Moja mafuta yako yenye majani, nyingine nazi na nyonyo tu kwa vipimo vile vile, weka tone la manukato yale yale ya dukani kwenye zote zisitofautiane harufu sana, chupa zifanane. Sasa wifi anaingia. Yeye ndo aandike herufi kwenye chupa, atunze daftari linalosema herufi ipi ni ipi, na wewe usijue. Kabisa usijue, maana ukijua utampa shoga yako ile unayoiamini na picha zake utazipiga kwenye mwanga mzuri, binadamu ndo tulivyo. Watu waokote karatasi kwenye bakuli wapangiwe chupa. Tafuta hata watu thelathini, bado ni wachache lakini ni zaidi ya sifa za status. Usichukue aliyejifungua ndani ya mwaka, mjamzito, mtoto, mwenye mapunye, wala ambaye nywele zimeng'oka kwa kusukwa rasta za kubana, huyo wa mwisho dawa yake ni kufumua. Waambie wote ni majaribio, wanaweza kupata chupa isiyo na majani, wanaweza kuacha siku yoyote, na usiwauzie, wape bure. Ndiyo, bure.

Kupima kwenyewe, mnyoe kila mtu kieneo kidogo sana nyuma ya kichwa mahali nywele zinapofunika, baada ya mwezi nyoosha unywele upime kwa rula milimita ngapi. Hiyo ni spidi ya kuota. Kwa kukatika, kila siku ya kuosha wakusanye nywele za kwenye chanuo wahesabu, wote watumie chanuo la aina moja. Picha mwanzo, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, msuko ule ule, dirisha lile lile. Mwezi wa sita wifi afungue daftari mbele yako. Za uso zinapimwa kwa nusu nusu, shavu la kushoto kitu kimoja la kulia kingine, mtu asiyejua ahesabu vipele kila baada ya wiki nne mpaka wiki ya 12, ila wewe kwa sasa za uso ziache kwanza.

Mambo yanaweza kutoka vibaya, yaani chupa zote mbili zikalingana. Hapo utakuwa na mafuta mazuri ya nazi na nyonyo yanayopunguza kukatika, yanayonukia, na ya bei nafuu kutengeneza kwa sababu karafuu umezitoa. Hiyo ni biashara halali kabisa.

Kuhusu vibali, vipodozi toka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, kwahiyo mafuta ya nywele unaanzia huko, na wajasiriamali wadogo SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanawaelekeza jinsi ya kuanza. Ila siku ukiandika "hutibu" au "huotesha" umeshatoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, huko ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na watakuuliza lile lile aliloliuliza wifi. Muhimbili pale chuoni kuna Taasisi ya Tiba Asili, kazi ya dawa za mimea wanaifanya toka 1974, ukienda na daftari lako lenye gramu na tarehe utasikilizwa tofauti na ukienda na screenshot.

Huyo wa duka mwandikie hivi, nakuandalia ucopy: "Kaka habari, mafuta ya nywele naweza kukuletea, lebo itasema yanalainisha nywele na kupunguza kukatika, hayatasema yamethibitishwa wala wiki mbili. Ya uso nimesimamisha. Krimu zako sichanganyi kwenye kitu chenye jina langu." Akikataa, mzigo uliokuwa umemtengea ndo utumie kwenye majaribio, utakuwa umeshapata chupa za kuanzia.